Kila Ndege Huruka na Ubawa Wake
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia juu ya kukua katika kazi bila kujipima kwa mwenzako



Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala juu ya chanjo ya kuku. Tutazungumza juu ya jambo ambalo haliandikwi katika kitabu cha mweka hazina, lakini linaweza kuvunja kikundi kama vile mkopo usiolipwa unavyokivunja. Jambo hili ni ile tabia ya mtu kupima kazi yake na maisha yake kwa kutumia maisha ya mwenzake.

Tukitembelea vikundi kutoka Othaya hadi Mathira, kutoka Mukurweini hadi Kieni, na hata tukivuka kwenda Kerugoya au kupanda Nanyuki, tunasikia habari moja kwa sauti mbalimbali. Tuseme kuna fundi wa nguo pale Karatina. Amejifunza kushona sare za shule vizuri, wateja wanaongezeka, lakini usiku halali, kwa sababu yule waliyekaa naye dawati moja siku hizi ni karani wa benki. Kuna kijana wa boda boda ambaye amebakisha miezi mitatu tu amalize deni la pikipiki. Anaiuza kwa hasara, kwa sababu rika lake mmoja amekuja nyumbani Krismasi na gari, na tangu siku hiyo pikipiki imekuwa aibu kwake. Halafu kuna mama ambaye ameacha kuja mkutanoni. Mchango anao, tena anaweza kuutuma kwa simu. Lakini wale aliojiunga nao mwaka mmoja wamejenga nyumba za mawe, na yeye bado yuko katika nyumba ya mbao, na anaona kila mtu anamtazama.

Sasa tuulizane. Hawa watatu wamekosa nini? Kazi wanayo. Bidii wanayo. Kitu kilichoharibika ni kipimo. Ni kama mtu anayepima maziwa kwa futi kamba. Hata apime mchana kutwa, hatapata lita.

TULIJIFUNZA WAPI?

Mtu hazaliwi na tabia hii. Tunafundishwa, tena tangu utotoni. Shuleni tuliitwa kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa thelathini na nane. Mzazi hakuuliza, "Umejifunza nini muhula huu?" Aliuliza, "Umekuwa namba ngapi?" na tena, "Mtoto wa jirani je?" Baadaye ukaja mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, na wengi wetu mpaka leo tunatembea na ile gredi kama alama iliyochorwa kwenye paji la uso. Utamsikia mtu wa miaka arobaini na mitano akisema, "Mimi nilipata D," kama kwamba hajafanya jambo lingine lolote tangu siku ile.

Tukitoka shuleni tunakutana na harambee. Harambee ni jambo jema, nasi watu wa Nyeri tunajua ilivyojenga shule, zahanati na makanisa. Lakini pale kwenye harambee mtu anasimama na kipaza sauti, anasoma jina na kiasi. Aliyetoa elfu ishirini anapigiwa makofi, na aliyetoa mia mbili anatamani jina lake lipitishwe haraka. Tukifika harusini ni vivyo hivyo. Hata matangani watu huhesabu magari.

Siku hizi tena kuna simu. Waliosoma pamoja wamefungua kundi la WhatsApp. Asubuhi, kabla hujakamua ng'ombe, umeshaona nyumba ya huyu, gari la yule, na sherehe ya kuhitimu ya mtoto wa mwingine. Hakuna anayetuma picha ya barua ya mnada, wala picha yake akiwa ameketi gizani akiwaza karo. Unaona paa la nyumba ya mwenzako, huoni deni lililolishikilia. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Sisi tunaona vyaelea, na hatuulizi vimeundwa kwa nini, kwa muda gani, na kwa msaada wa nani.

MADHARA YAKE

La kwanza ni deni la kuonekana. Mtu anachukua mkopo, si wa kupanua kazi, bali wa kufanana na wengine. Zamani kukopa kulihitaji wadhamini na safari ya kwenda mjini. Lakini M-Pesa ilianza mwaka 2007, ikafuatwa na mikopo ya simu kama M-Shwari mwaka 2012, na leo mtu anaweza kukopa akiwa kitandani bila hata mke wake kujua. Mkopo wa namna hii si dhambi. Umemsaidia mwenye kibanda kununua bidhaa asubuhi na kulipa jioni. Lakini ukiutumia kununua viti vya sebuleni ili wageni wa Jumapili wasikucheke, viti havitakulipia.

La pili ni kung'oa mti kabla haujazaa. Hili mkulima wa kahawa analielewa vizuri kuliko sisi. Ile SL28 ya wazee wetu huhitaji kama miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, lakini mizizi yake huenda chini, hustahimili kiangazi, na kahawa yake husifiwa na wanunuzi wa ng'ambo. Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, na Batian, iliyotolewa mwaka 2010, huanza kuzaa mapema, nazo hustahimili ugonjwa wa kuoza matunda na ule wa kutu ya majani. Zote ni kahawa, na kila moja ina wakati wake na matunzo yake. Je, kuna mkulima mwenye akili timamu ambaye ataendea SL28 yake ya mwaka wa pili na shoka, eti kwa sababu Batian ya jirani imeshatoa matunda? Hakuna. Lakini kwa kazi zetu tunafanya hivyo kila mwaka. Tunafuga kuku miezi minane, tunaacha. Tunaanza ushonaji, tunaacha. Tunaingia katika kozi, tunaacha muhula wa pili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

La tatu ni kufichiana maarifa. Mtu anayejipima kwa wengine huogopa wengine wasimpite. Basi akijua mahali pa kuuzia parachichi kwa bei nzuri, ananyamaza. Akisikia kuna mafunzo ya bure, anakwenda peke yake. Kikundi kikifika hapo kimekufa, hata kama cheti cha usajili bado kimetundikwa ukutani. Wakikuyu husema, Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, maana yake kakundi kadogo ndiko kanakoinua kinu. Lakini kinu hakiinuki kama kila mmoja anatazama nani ameshika sehemu nyepesi.

La nne ni huzuni inayogeuka ugonjwa. Mtu anajiona ameshindwa, anajitenga, anaanza kunywa, wakati mwingine anafikia hata kuichoka roho yake. Hapa tunasema wazi: mwenzako akianza kusema maneno ya kukata tamaa, usimwambie ajikaze tu. Kaa naye. Mpeleke hospitali au kwa mtu anayejua kusaidia, na usimwache peke yake. Huo ni ugonjwa kama malaria, unatibika.

TUJIFUNZE KWA BINTI WA MATHIRA

Tuna mfano karibu na nyumbani. Catherine Ndereba alizaliwa mwaka 1972, akakulia Gatung'ang'a, Nyeri, na akasoma Sekondari ya Ngorano. Mwaka 1994 aliajiriwa katika Idara ya Magereza, ambako aliendelea na mbio. Mwaka 1997 hakushindana, kwa sababu alikuwa anapata mtoto. Hebu fikirini mwaka ule. Rika zake walikuwa wanakimbia na kushinda, yeye yuko nyumbani analea. Kama angejipima kwa wenzake siku ile, angesema mambo yamekwisha.

Mwaka 1999 alikimbia marathoni ya Boston, kule Marekani, akawa wa sita. Hakuna anayeandika wimbo wa sifa kwa mtu wa sita. Lakini mwaka uliofuata, 2000, alirudi Boston akashinda. Akashinda tena 2001, 2004 na 2005, mara nne, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amelifanya katika mbio kuu za wanawake pale. Mwaka 2005, Elfenesh Alemu wa Ethiopia alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya dakika moja. Ndereba hakukurupuka kumfukuza. Alishika mwendo wake, kilomita kwa kilomita, mpaka akamfikia na kumpita. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukikimbia kilomita kumi za kwanza kwa miguu ya mtu mwingine, za mwisho utazimaliza kwa magoti, kama utazimaliza.

Kuna jambo lingine. Tarehe 30 Septemba 2001, Naoko Takahashi wa Japani alikimbia Berlin kwa saa 2 dakika 19 na sekunde 46. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 20. Wiki moja tu baadaye, tarehe 7 Oktoba, Ndereba alikimbia Chicago kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 47. Rekodi ya Takahashi ilidumu wiki moja. Na hiyo ya Ndereba je? Mwaka 2002, kule kule Chicago, Paula Radcliffe wa Uingereza aliivunja. Mnaona hapo? Mtu akiweka furaha yake yote katika kuwapita wengine, furaha hiyo inaweza kukaa wiki moja, ikikaa sana inakaa mwaka, halafu anakuja mwingine.

Ndereba hakuacha kazi kwa sababu rekodi imechukuliwa. Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa dunia kule Paris. Mwaka 2004 katika Olimpiki ya Athens alikuwa wa pili, sekunde 12 nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani. Mwaka 2007 akawa bingwa wa dunia tena kule Osaka. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 36, alipata fedha ya Olimpiki kule Beijing, na aliyemshinda, Constantina Diță wa Romania, alikuwa na miaka 38. Kwa hiyo yule anayesema, "Mimi nimechelewa, wenzangu wameshafika," aangalie kwanza hata saa ya dunia inasemaje.

MITI SABA NA MIAKA MINGI

Mfano wa pili mnaujua zaidi. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940, akasoma kwa masista wa Consolata pale Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwaka 1960 alikwenda Marekani pamoja na vijana wengi wa Kenya katika ile safari ya masomo iliyosaidiwa na familia ya Kennedy. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata.

Lakini tazameni hatua zilizofuata. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba Nairobi pamoja na wenzake, na iliyopona ilikuwa miwili. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na kazi hakurudishiwa. Mwaka 1997 aligombea tena akashindwa. Miaka hiyo, wengi wa rika lake waliosafiri kwenda masomoni walikuwa na vyeo, ofisi na madereva. Yeye alikuwa anazunguka kwa vikundi vya akina mama, anafundisha kutengeneza vitalu vya miche. Kwa macho ya kujipima na wengine, hapo tungesema amerudi nyuma. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wakati huo vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30. Tena baada ya tuzo yote hiyo, mwaka 2007 alishindwa katika uchaguzi, na hakuacha kazi yake ya miti mpaka alipofariki mwaka 2011.

Na ile miti milioni 30 ilipandwa na nani? Ilipandwa na vikundi kama hivi vyenu. Mama aliyekuwa na kitalu cha miche mia hakuambiwa miche yake si kitu kwa sababu kule ng'ambo ya pili kuna kitalu cha elfu.

Tena tumkumbuke Mwenye Heri Sista Irene Stefani, yule ambaye watu wa Gikondi walimwita Nyaatha. Alizaliwa Italia mwaka 1891. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwahudumia wapagazi wagonjwa hospitalini, na baadaye alifanya kazi Gikondi, akipanda na kushuka milima kwa miguu kuwafundisha watu na kuwatunza wagonjwa, mpaka alipofariki mwaka 1930. Alitangazwa Mwenye Heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, baada ya miaka 85. Wakati wa uhai wake hakuna aliyempigia makofi kwa kipaza sauti. Kipimo chake kilikuwa yule mgonjwa aliye mbele yake.

MANENO YA INJILI

Katika ile habari ya talanta, kitabu cha Mathayo sura ya 25, bwana alimpa mtumishi mmoja tano, mwingine mbili, mwingine moja, kila mtu kadiri ya uwezo wake. Aliyeleta mbili zaidi alisifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa aliyeleta tano zaidi. Hakuambiwa, "Mbona mwenzako ana nyingi?" Na yule wa moja hakukemewa kwa sababu hakuleta tano. Alikemewa kwa sababu aliogopa akaifukia.

Tena mwisho wa Injili ya Yohane, Petro anapewa kazi yake, na mara anageuka kumtazama mwenzake na kuuliza, na huyu je? Bwana anamjibu kwamba hayo si shauri lake, yeye amfuate. Hata Petro, mwamba wa Kanisa, alikuwa na shida hii yetu! Naye Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wagalatia, anawashauri kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, hapo ataona fahari ndani yake bila kujilinganisha na mwingine.

LAKINI TUSIELEWANE VIBAYA

Kuna wale watakaosema, "Basi tukae tu, kila mtu na bahati yake." Hapana. Kutojipima kwa mwenzako si uvivu. Kwa mwenzako jifunze, lakini usimfanye rula. Mwenye ng'ombe anayetoa maziwa mengi kuliko wako, mwendee umuulize analisha nini. Kule Mukurweini kiwanda cha maziwa cha wakulima kilianza kama kikundi cha kujisaidia, na hakikukua kwa watu kuoneana wivu, kilikua kwa watu kufundishana na kuleta maziwa mahali pamoja.

Na tena, kutojilinganisha si kukubali kudhulumiwa. Kama wewe na mwenzako mnafanya kazi ile ile, kwa saa zile zile, naye analipwa zaidi kwa sababu wewe ni mwanamke, huo si wivu ukiuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kama kaka zako wamegawiwa shamba la baba nawe ukaambiwa ungoje kuolewa, usiitwe mwenye kijicho ukienda kwa chifu au mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 imewapa mwanamke na mwanamume haki sawa. Tofauti ni hii: anayedai haki anauliza, "Ni nini kilicho changu ambacho nimenyimwa?" Mwenye kujilinganisha anauliza, "Kwa nini yule ana chake?"

TUFANYE NINI KATIKA KIKUNDI?

Tunapendekeza mambo matano. Yajaribuni kwa mwaka mmoja.

1. Daftari la mwaka. Kila mwanachama awe na daftari dogo, na kila Januari ajibu maswali manne: Ni kazi gani naiweza leo ambayo mwaka jana sikuiweza? Nimeweka kiasi gani, na nadaiwa kiasi gani? Nimemfundisha nani? Afya yangu na amani ya nyumba yangu zikoje? Yule fundi wetu wa Karatina, tuseme mwaka jana alishona sare sita kwa wiki na mwaka huu anashona kumi. Hapo amekua. Karani wa benki hahusiki, kwani yeye kwa wiki anashona sare ngapi?

2. Lengo la kila mtu. Kikundi kisipange lengo moja la akiba kwa wote. Anayechuma kahawa kwa kibarua na mwenye duka sokoni hawawezi kwenda sawa. Kila mmoja aseme lengo lake mwanzoni mwa mwaka, na mwishoni apigiwe makofi kwa kulifikia lengo lake, liwe elfu mbili au elfu hamsini. Ule mchango wa mzunguko ubaki sawa kwa wote, lakini uwe kiasi ambacho aliye chini kabisa anakiweza.

3. Msisome majina na hesabu za watu kwa sauti kama matokeo ya mtihani. Hesabu za kikundi zisomwe wazi, mpaka senti ya mwisho, kwa sababu fedha za wengi hazifichwi. Akiba ya mtu mmoja mmoja aonyeshwe mwenyewe, katika kitabu chake.

4. Panda ngazi iliyo mbele yako. Vijana wengi huacha masomo kwa sababu wanaitazama ngazi ya juu tu. Kwa kawaida C+ ya KCSE humpeleka mtu chuo kikuu moja kwa moja, C- humwingiza katika diploma, D katika kozi ya cheti, na aliye chini ya hapo ana kozi za ufundi za mwanzo. Ukimaliza ngazi moja unaweza kuingia inayofuata. Hata aliyejifunzia kazi kwa fundi mwingine bila kukaa darasani anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akaanzia gredi ya tatu, akaenda ya pili, mpaka ya kwanza. Fundi mwashi mwenye karatasi hiyo anaweza kuomba kazi ambazo bila karatasi hatazipata. Hakuna anayeuliza ulimaliza ukiwa na miaka mingapi. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akakaa na watoto wa miaka sita. Angejipima kwa rika lake angekaa nyumbani. Angejipima kwa wale watoto angeona haya. Alichotaka ni kusoma, basi akasoma.

5. Mtafuteni aliyepotea. Mwanachama akikosa mikutano miwili, msimtoze faini kwanza. Wawili waende kwake. Yule mama wa nyumba ya mbao hahitaji kuhubiriwa. Anahitaji kuambiwa, "Mama, kiti chako kiko wazi, na hakuna aliyekuuliza juu ya nyumba." Mkifika, mkute nyumba yake inavyompendeza, mnywe chai yake, mrudi naye.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni watu watano watano. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

(a) Ni wakati gani katika kikundi chetu mtu hujisikia mdogo? Tunaweza kubadilisha nini hapo?
(b) Je, kuna kazi niliyoiacha kabla haijazaa kwa sababu nilimtazama mwenzangu? Inaweza kurudiwa?
(c) Kati ya madeni niliyo nayo, lipi ni la kazi, na lipi ni la kuonekana?
(d) Ni maarifa gani ninayo ambayo naweza kuwafundisha wenzangu kabla ya mwezi huu kwisha?

Wapendwa, mlima wetu una vilele vingi. Batian una mita 5,199, Nelion 5,188, na Lenana 4,985. Wengi wanaopanda hufika Lenana, wakishuka wana furaha, wanasimulia kwa miaka. Hakuna anayewaambia hawakuuona mlima.

Basi kila mmoja wetu arudi kwa kazi yake: kwa cherehani, kwa ng'ombe, kwa pikipiki, kwa kitabu. Na mkutano ujao mje na yale madaftari, hata kama ukurasa wa kwanza una mistari miwili tu.

Mungu awabariki, na Bikira Maria wa Consolata awaombee.